Kipande cha Baba Mkwe

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote za mwaka ule ni kikohozi changu mwenyewe. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu asiyeumwa kifua. Nilikitoa kila asubuhi kwenye shamba la kijiji, jua likiwa bado jekundu upande wa Meatu, nimesimama mbele ya watu wenye majembe begani nikiita majina. "Kabula!" "Nipo." "Minza!" "Nipo." Kisha nafika kwenye jina moja, nakohoa, na kutoka nyuma kabisa ya kundi sauti nzito ya mwanamume inajibu, "Nipo." Watu walicheka wiki ya kwanza, wakachoka, ikawa kawaida. Jina lile lilikuwa la baba mkwe wangu, na kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba wa mumewe. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mke huyo ndiye anayeingia majanini. Kijiji kilinipa kazi ya kumwita, desturi ikanikataza kumwita, mimi nikapata kikohozi. Hata hapa, mzee akiwa amelala kaburini miaka mingi, siandiki jina lake. Mkono haukubali.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Kabula. Baada ya mazishi sisi wanawake wazee tuliwekwa kwenye chumba cha nyuma, tukatandikiwa mkeka, tukaletewa wali na maharage kwenye sinia moja. Tulikula, kila mtu akimega upande wake. Minza sasa meno yamebaki machache na anatafuna taratibu. Mjukuu wa Kabula, binti aliyesoma, mkuu wa kitengo kwenye ofisi mjini Bariadi, alikuja kutunawisha akakaa. Nadhani alichoka kulia akataka kuongea jambo lingine. "Bibi," akaniambia, "ofisini nina mtu wa umri wa baba yangu. Nikimwambia kitu ananiita mwanangu, anacheka, halafu hafanyi. Nikikaza sauti, wanasema nina kiburi. Nikicheka naye, kazi inalala. Nifanyeje?" Kabla sijajibu Minza akanyoosha kidole chenye wali. "Muulize huyu vizuri. Huyu alimlimisha mkwe wake." Nikasema, "Sikumlimisha. Alilima." Minza akacheka kidogo, kicheko cha msibani, cha puani. "Haya, alilima. Na sisi wote tuliona."

Mwaka ule nilikuwa mke mpya kwenye boma lile, sina mtoto bado, nina darasa la nne na kicheko kingi. Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji kipya, huku maeneo ya Zagayu, nyumba zimepangwa kwa mistari kama wanafunzi. Mume wangu Masunga alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, anarudi Jumapili na vumbi la pamba kwenye nyusi. Mimi nilikuwa mtu wa ndoto. Nikiona trekta inapita nilijiona nimekaa juu yake, na nikisikia redioni mwanamke anahutubia, mwanamke huyo ni mimi. Basi kijiji kilipotaka kiongozi wa kikundi cha shamba la ujamaa, mwenyekiti akanitaja mimi. "Ng'wana Shija," akasema, yaani mtoto wa Shija, ndivyo walivyoniita kwa jina la baba yangu, "huyu anacheka na kila mtu, hatagombana na mtu." Watu wakapiga makofi. Nami niliamini hivyo hivyo, kwamba kiongozi akipendwa, kazi itakwenda yenyewe.

Mkutano wa kutunga kanuni ulifanyika kwenye darasa la shule, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Ikaamuliwa kwamba atakayekosa kufika shambani bila taarifa atalima kipande peke yake, wenzake wakiwa wamepumzika na wanamwona. Mwenyekiti akauliza kuhusu wazee. Akasema wanaojiona umri umekwenda wakae upande wa dirishani, hao watasamehewa. Wazee wakaanza kunyanyuka na fimbo zao. Baba mkwe naye akanyanyuka, akatembea polepole katikati ya chumba, akaenda kusimama upande wa mlangoni waliko vijana. "Wazee ni hao," akasema. "Mimi jembe langu halijaomba ruhusa." Darasa zima likashangilia, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshangilia, nimeinamisha uso kwenye dawati ili nisimtazame. Nilimwonea fahari. Alikuwa mzee mwembamba, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Na kabla hajapita karibu na jiko langu alikuwa anavuma wimbo kidogo, mmm, mmm, ili nisikie niingie ndani tusikutane. Ilikuwa heshima yake kwangu. Wakwe wengine walikohoa kama wanamfukuza mbwa, wangu alivuma.

Wa kwanza kuangukiwa na kanuni ile alikuwa Minza, mjane, mwenye mtoto wa kubebwa. Mtoto alichemka homa, asubuhi ikapita, akafika shambani tumeshamaliza mistari miwili. Hakutuma mtu. Nilitaka kumwachia. Kabula, aliyekuwa akituimbisha na ambaye majembe yote yalifuata sauti yake, akasema mbele ya watu, "Kiongozi, kanuni ina mlango wa nyuma?" Nikampimia Minza kipande kwa hatua zangu. Alilima mtoto akiwa mgongoni, sisi tumekaa tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alimaliza kipande chote. Aliweka jembe chini, akamgeuza mtoto kifuani, akamnyonyesha palepale juani.

Kisha ikaja mvua ya maana. Kila mtu alikuwa na shamba lake mwenyewe la pamba, na magugu yakapanda kama yaliyoambiwa. Watu walifika kwenye shamba la kijiji macho yakiwa kwingine. Asubuhi moja nikaita majina, nikafika pale, nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na mtu mmoja nyuma akasema, "Kunywa maji, kiongozi." Wakacheka wote, na kicheko hicho hakikuwa kile cha wiki ya kwanza. Kutoka pale tuliposimama tulikuwa tunaliona shamba la baba mkwe, ng'ambo ya korongo, na tulimwona yeye mwenyewe, ameinama, anapalilia pamba yake. Kesho yake ikawa vilevile. Siku hiyo Kabula hakusubiri nimwambie kitu. Tulipoanza kulima akatunga wimbo papo hapo, juu ya jembe lililojisifu mkutanini, leo limejificha kwenye pamba likiogopa wenzake. Watu wakaitikia kwa furaha kubwa, majembe yakaruka. Ng'ambo ya korongo mzee alinyoosha mgongo, akasimama akisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama tena.

Jioni ile nilipika ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, nikaunga kwa karanga kama apendavyo. Chakula kikapelekwa shikome, pale penye moto wa wanaume, nyuma ya ukuta wa jiko langu. Kikarudi hakijaguswa. Mama mkwe alifunua bakuli, akafunika. "Ugali wako una mchanga?" akaniuliza. "Hauna mchanga, mayu," nikamwambia, mayu ndiyo mama kwetu. "Una wimbo wa Kabula." Akaguna. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, asiyepoteza maneno. Kwa siku zile mzee alikula kilichopikwa na mkewe tu. Naye aliponipita hakuvuma. Alipita kimya, nikagongana naye mlangoni mara moja, nikaangusha ndoo ya maji, nikakimbia nimefunika uso kama mwizi. Mkamwana ambaye baba mkwe hali chakula chake, hata mumewe akimpenda, siku zake pale zinahesabika. Nilijua wanawake waliorudishwa kwao kwa kidogo kuliko hicho.

Huku nako, kikundi kilikuwa kinanifia. Minza alinikuta kisimani, akaweka mtungi chini. "Mimi sikulaumu, Ng'wana Shija," akasema. "Lakini kikohozi chako kisipojibiwa, kuna asubuhi na mimi utaniita nikajibu kwa kukohoa, nipo kitandani kwangu." Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana. Nikaenda ofisini kwa mwenyekiti, chumba kilichokuwa nusu ofisi na nusu stoo, magunia hadi darini na harufu ya dawa ya pamba inayowasha macho. Nilikwenda kuomba ushauri, akanipa msaada nisioutaka. "Hili niachie mimi. Kesho natuma mgambo wawili. Watamtoa kwenye pamba yake, jembe kichwani, apite katikati ya kijiji. Watu waone." Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana, Ndugu Mwenyekiti." Akanitazama. "Hapana nini?" "Hapana mgambo. Kikundi mlinipa mimi." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Katibu wake, kijana mpole, akaingilia kwa nia njema: "Basi iandikwe anaumwa. Ni mkwewe, nani atashangaa?" Nikamwambia ikiandikwa anaumwa, Minza ataniuliza kama mwanaye alichemka kweli au alijifanya. Mwenyekiti akasema ananipa kesho tu, keshokutwa asubuhi mgambo watakwenda.

Nikaanza na Kabula, kwa sababu alikuwa rafiki yangu na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Nilimkuta anatwanga. Nikamwambia wimbo ule usiimbwe tena. "Loo! Sasa unamtetea mkweo?" akasema bila kuacha kutwanga. Nikamwambia, "Kipande atalima. Lakini hatalima na wimbo juu yake. Minza hakuimbiwa." Akatwanga kwa nguvu, mtama ukaruka nje ya kinu. "Ulipokuwa huna cheo ulikuwa mtu mzuri sana," akaniambia. Nikaokota punje zilizoruka nikazirudisha kinuni moja moja, nikaondoka. Wiki nyingi zilipita kabla hajanitania tena.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mzee alikaa shikome akitengeneza mpini. Mama mkwe na mimi tulikuwa jikoni tukikata viazi vya kukausha. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, wenye nyufa, kila kitu kinasikika. Kwetu mkamwana hazungumzi na baba mkwe, lakini ukuta hauna ukwe na mtu. Nikasema kwa sauti ya kutosha, "Mayu, nina neno." "Sema na mimi au sema na ukuta," akajibu, "wote tupo." Nikaweka kisu changu chini. Nikasema kuna kipande shambani kinamsubiri mtu. Kina urefu uleule wa kile cha Minza. Sikukipunguza na sikukiongeza. Huko nje kisu kilichokuwa kinakwangua mpini kikasimama. Mama mkwe akapaza sauti. "Baba Masunga, unasikia? Kiongozi anasema kuna kipande."

"Kiongozi yupi?" akajibu. "Mimi humu kwangu nina mkamwana. Kiongozi simwoni."

"Mkamwana wako ametoka kidogo," mama mkwe akasema, na aliendelea kukata kiazi kama hajasema kitu. "Huyu niliye naye hapa ni kiongozi wa shamba. Amekuja kututembelea."

Kuku aliingia, akadonoa ganda, akatoka. Kisha sauti ya nje ikaja, polepole. "Muulize huyo mgeni wako, tangu lini mzee wa umri wangu akalimishwa mbele ya watoto?"

Nikasema, "Mayu, mwambie wazee waliulizwa shuleni. Waliokwenda dirishani hakuna anayewaita. Yeye alikwenda mlangoni. Watu walimpigia makofi, na mimi nilipiga."

"Na wimbo? Ule ulitungwa kwa amri ya nani?"

"Mwambie sikuuamuru, lakini umeimbwa kwenye kikundi changu, basi ni wangu. Hautaimbwa tena. Nimeshasema na mwenye kuuimba."

"Na mgambo? Nasikia kuna mgambo."

"Mwambie walitaka kuja nikakataa. Kwa leo tu. Mimi nimekataa mgambo, sijakataa kipande. Kipande kipo."

Nilisema lile la mwisho nikiwa nimeutazama ukuta moja kwa moja, kama mtu anayetazama uso. Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Labda ni kwa sababu mama mkwe alikuwa amenitoa mle ndani, akaniweka mbali kidogo na mwili wangu, nikawa kweli mgeni mwenye kazi iliyomleta. Kisu cha nje kikaanza tena kukwangua, mara mbili, tatu. "Asubuhi watu wanafika wakati gani siku hizi?" akauliza, kana kwamba hajui. Mama mkwe akamwambia. "Basi mwambie mgeni ameeleweka," akasema. "Na mkamwana wangu akirudi, mwambie jioni apike. Nina njaa."

Alilima. Alifika wa kwanza, akajibu kikohozi changu, akafanya zamu yake pamoja na watu, na tulipokaa kupumzika yeye akaenda kwenye kipande. Hakuna aliyeimba. Kabula alikaa amegeuza mgongo, akachora chini kwa kijiti. Minza alisimama, akamtazama mzee akilima mistari ya mwanzo, kisha akaketi chini na kufungua chakula chake. Kuanzia siku ile watu walifika shambani mapema hadi tukavuna. Ningependa kuandika kwamba na nyumbani mambo yalirudi kama zamani, lakini hayakurudi yote. Mzee alikula chakula changu, hakuniondoa, na siku nilipopata mtoto alimpa jina yeye mwenyewe. Ila kuvuma hakuvuma tena. Alikuwa anazunguka kwa nyuma ya ghala ili asipite jikoni kwangu kabisa, na alifanya hivyo mpaka uzee ulipomlaza. Nilipata uongozi, nikaukosa ule wimbo mdogo. Nimewahi kujiuliza kama ningeuchagua wimbo. Nikimkumbuka Minza na mtoto mgongoni, naona hapana. Nikikumbuka mzee anavyozunguka ghala juani, sijibu haraka hivyo.

Nilimwambia mjukuu wa Kabula sehemu ya hayo, siyo yote. Alitaka nimpe maneno ya kwenda kuyasema ofisini, na mimi maneno hayo sina. Nilimwambia amtafute mama mkwe wake wa pale ofisini, mtu wa kumweka yeye pembeni kidogo ili kazi isimame peke yake ionekane. Na kabla hajamkazia yule mzee sauti, awe ameshawakazia rafiki zake. Akasema, "Bibi, kwa hiyo ni kuwa mkali kwa adabu?" Nikamwambia sijui inaitwaje. Minza alikuwa ameshasinzia, mkono kwenye sinia.

Sehemu ambayo sikumwambia ni ya jioni ile, baada ya mazungumzo ya ukutani. Nilipika mapema, nikapakua, nikamwachia mama mkwe apeleke shikome, nikasema naenda kutafuta kuni. Nikavuka korongo hadi shamba la kijiji. Vipande vilipimwa kwa kufuatana, Minza aliangukia udongo laini wa chini, na hiki kilichofuata kilipanda hadi palipokuwa na zizi la ng'ombe la watu walioishi pale kabla ya kuhamishwa. Wigo wa miiba ya migunga ulikuwa umeoza juu ya ardhi, lakini miiba yenyewe ilibaki udongoni, mirefu, myeupe, imeelekea juu. Baba mkwe, kama wanaume wote wa rika lake, alikuwa akivua katambuga zake, viatu vya tairi, kila aliposhika jembe. Jembe sikubeba. Hatua sikuzirudia kuzipima. Nilipiga magoti mwanzo wa kipande, nikakunja upindo wa khanga, nikaanza kuokota miiba, mstari kwa mstari, nikiitupia kwenye khanga, hadi giza likafika nisivione tena vidole vyangu, na sehemu iliyobaki nikaimaliza kwa kupapasa.